Mashahidi wa Ukuta wa Kaskazini

Kibanda cha mafundi,
Jumanne, saa saba mchana.

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kama vumbi la mawe lililojaa kwenye meza hii ninayoandikia. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba yule wa mwisho ameshaacha kukohoa. Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi zama hizi. Nimekupigia simu mara kumi na nne tangu wiki iliyopita na hukupokea hata moja, nami sikulaumu. Namba za huku umezikataa mwaka wa saba sasa na sababu yake naijua. Basi nimemwomba dereva wa lori la mawe, ambaye kesho alfajiri anapita kwenu akienda machimboni, akukabidhi mkononi. Ni mtu mwaminifu, ila ana mdomo. Usimkaribishe chai mpaka umalize kusoma.

Sisi huku hatujambo kwa namna ya kusema. Mimi mzima. Mke wangu mzima, amenuna. Baba naye ni mzima wa mwili, anakula vizuri, na sauti yake bado inatosha kumfukuza mbwa. Ila haishi nyumbani tena. Leo ni siku ya kumi na moja amejifungia ndani ya kanisa kuu peke yake, na kanisa lenyewe, Dada, linaweza kuanguka. Nimeanza na mwisho ili usije ukasema nimekuzungusha. Sasa vuta kiti nikueleze lilivyoanza, maana jambo hili lina mkia mrefu, na kipande cha mkia huo nimekishika mimi.

Kanisa unalijua, ulicheza humo kabla mimi sijazaliwa. Lakini sidhani kama uliwahi kulitazama kwa jicho la fundi, kwa sababu mambo hayo Baba alinifundisha mimi, wewe akakupa ufagio. Hilo nalo ni kosa lake jingine, tuliweke pembeni. Kumbuka tu jinsi kuta zilivyo nyembamba na madirisha yalivyo makubwa, hata mgeni akiingia mara ya kwanza anauliza hiyo dari ya mawe imeshikwa na nini. Imeshikwa na matao yaliyochongoka na zile mbavu zinazokutana juu kama mbavu za mwavuli. Shida ni kwamba dari ya namna hiyo haishuki chini tu. Inasukuma kuta kwenda nje, mchana na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Ndiyo maana huko nje kuna ile mikono ya mawe, zile nusu tao zinazotoka kwenye nguzo za uani na kuegemea ukuta kuuzuia. Na juu ya kila nguzo ya nje kuna kinara, yaani kile kimnara cha mawe kilichochongoka na kuchongwa majani, urefu wa watu wawili. Upande wa kaskazini viko tisa, kusini tisa.

Lilijengwa kwa miaka mia moja na arobaini. Aliyelichora alikufa kabla kuta hazijafika kwenye madirisha, na aliyefunga jiwe la mwisho la dari alikuwa mjukuu wa mwanafunzi wake. Walitaka minara mikubwa miwili. Wakamaliza mmoja, wa pili ukaishia mabegani kwa sababu ya maradhi yaliyowapukutisha mafundi, na hadi leo uko vilevile. Mwaka wa sitini wa ujenzi, dari ya upande wa kaskazini ilikuwa imefungwa juzi tu, ikashuka yote mchana kweupe ikaua mafundi tisa. Alama zao zimechongwa kwenye jiwe karibu na mlango, maana fundi wa zamani hakuandika jina, alikuwa na alama yake aliyoikata kwenye kila jiwe alilolichonga. Walipojenga upya ndipo wakaweka vinara. Sote tuliambiwa hivyo hivyo: vinara tisa, marehemu tisa. Ni ukumbusho. Babu alimwambia Baba, Baba akaniambia mimi, na yule anayewatembeza wageni anawaambia mpaka leo huku wakipiga picha. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini na upande wa kusini viko tisa, ilhali huko hakufa mtu.

Sasa mashahidi. Hawa huwajui, kwa hiyo nisikilize vizuri. Katika kazi yetu ukikuta ufa ukutani huzibi kwanza. Unakata kipande chembamba cha kioo, kama urefu wa kidole, unakilaza juu ya ufa, unakibana kwa chokaa upande huu na upande huu, kisha unaandika tarehe kwenye chokaa ingali mbichi. Kioo hakijui kujinyoosha. Ukuta ukisogea hata unene wa ukucha, kinakatika. Ndiyo maana tunamwita shahidi, na sheria ya Baba ni moja: shahidi aliyevunjika haondolewi. Unamwacha pale pale, unaweka mwingine pembeni yake, ili atakayekuja baadaye asome ukuta wenyewe umepita wapi. Upande wa kaskazini kuna mashahidi ishirini na wawili, wote wana tarehe kwa mwandiko wa Baba, zile tarakimu za saba zake zenye mkia na zile nne zilizofumba mdomo. Alipostaafu alinikabidhi hao kabla hajanikabidhi funguo. Alisema funguo hata mwizi anaweza kuwa nazo.

Miaka saba iliyopita kipande cha kinara kimoja cha kaskazini kilimeguka, kikamvunja bega yule mzee muuza mishumaa. Unakumbuka, kwa sababu ndio mwaka wenyewe. Baraza la kanisa likamwambia Baba afanye jambo. Baba akaona vile vinara vimechakaa, vizito, vinazitesa nguzo bure, na ukumbusho hauhitaji uzito. Akavishusha vyote tisa, akatengeneza vingine vya wavu wa chuma na saruji, vyenye uwazi ndani, akavipaka rangi ya jiwe. Ukisimama uani huvitofautishi. Watu wawili waliweza kupandisha kimoja kwa kamba huku wakipiga soga. Alisifiwa sana, hata wanafunzi wa ufundi waliletwa kuviona. Na wiki hiyo hiyo ya kuvipandisha ndiyo Mama alizidiwa. Tulimtumia Baba mtu mara tatu, kila mara akasema anamalizia kimoja tu, na aliposhuka na vumbi lake Mama alikuwa ameshafumba macho. Wewe ukamwambia kaburini, mbele ya watu wote, kwamba amemwacha Mama akifa kwa ajili ya mapambo. Ukapanda gari ukaondoka. Mimi nilibaki, nikamwona akikaa na neno lile. Hakulijibu kwa sababu alijua ni kweli.

Haya, tuje mwaka huu. Mwezi wa pili, katika ukaguzi wangu wa kila wiki, nilikuta shahidi wa nne amevunjika. Nitakwambia nilichofanya, ila nipe muda nijikaze. Wiki iliyofuata alivunjika wa saba, kisha wa nane na wa tisa pamoja. Nikapanda juu nikaizunguka mikono yote tisa. Mawe yalikuwa salama, lakini vichwa vya nguzo za nje vilikuwa vimeinama kidogo kuelekea uani, kidogo tu, kiasi cha kumfanya fundi aache kuongea. Nikagonga kinara kwa kishikio cha nyundo, kikavuma. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma, na siku hiyo methali sikuiona ya kuchekesha.

Hapa kuna mhandisi aliyeletwa na baraza kuangalia paa, mama mmoja mkimya ambaye mafundi wanamwita Bi Kipimo kwa sababu hata kikombe cha chai anakitazama kama kiko sawa na meza. Nikamuuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayeulizia ugonjwa wa jirani kumbe ni wake mwenyewe. Nikasema, hivi vinara vya makanisa ya namna hii vina kazi gani hasa. Alichukua madebe mawili pale nje ya kibanda, moja akalijaza maji, jingine akaliacha tupu, akaniambia niyasukume kwa mguu. Lile tupu liliteleza hadi mlangoni. Lililojaa halikutikisika. Akasema kinara ndiyo yale maji. Dari inasukuma mkono, mkono unasukuma nguzo, na nguzo haianguki kwa sababu kuna mzigo juu ya kichwa chake unaoikandamiza chini. Wale wa zamani walijifunza hivyo kwa maiti tisa. Kisha akarudi kunywa chai yake.

Kwa hiyo Baba ndiye aliyemwaga maji, Dada. Kwa mikono yake, kwa nia njema, wiki ile ile. Jaribu kufikiri ningemwambiaje. Vile vinara ndivyo alivyovinunua kwa kifo cha Mama. Kama ni vibaya, basi hakumwacha Mama kwa ajili ya mapambo tu, alimwacha ili aje abomoe kanisa. Ana miaka themanini na moja.

Unajua Jumapili tunakula kwake. Kila Jumapili, akishanawa mikono, kabla hajagusa chakula, ananiuliza neno lile lile: "Mashahidi wanasemaje?" Nami toka mwezi wa pili nilimjibu kwamba wamenyamaza. Alikuwa anafurahi, anamega mkate. Mke wangu alikuwa ananitazama, maana alijua siku hizo nalala kama mtu aliyelalia mawe.

Nilikuwa na mpango. Nilisema nitavijaza vile vinara mwenyewe, polepole, bila kelele. Nikawa napandisha kokoto na saruji kwa ndoo, ngazi mia moja tisini na sita, nikisema natengeneza mifereji ya maji ya mvua. Nilivijaza viwili nikajisifu. Kumbe nguzo iliyokwisha kuinama ukiitwisha mzigo upande mmoja unaizidishia. Hilo nalo nimelijua juzi.

Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, yule mama anayefagia kanisa alikuwa ametoka kusuuza kitambaa. Jiwe la ubavu wa dari, ukubwa wa mkate, likashuka na kuvunja benchi la tatu, pale anapopumzikia kila siku. Hakuumia mtu. Aliporudi akaona benchi limekuwa kuni, akakaa chini sakafuni akaanza kucheka, na hakuweza kuacha mpaka padre alipomtoa nje.

Bi Kipimo alifunga kanisa siku hiyo hiyo. Alileta mashine zake za miguu mitatu, akapima siku mbili, akatuita. Alisema ukuta wa kaskazini umetoka nje kiasi cha upana wa kiganja na bado unatoka. Ila kuna jambo lilimtatiza, alisema, nalo ni mashahidi. Aliwakagua mmoja mmoja kwa tochi, wote wazima, na kwa ukuta uliotembea kiasi hicho wangekuwa wamekatika zamani. Alidhani labda chokaa haikushika vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, naangalia viatu vyangu.

Baba alipozipata habari hizo, alichosikia ni kwamba mashahidi wake wamebandikwa vibaya. Hakupandisha sauti. Alisema mashahidi wamekaa na jengo mchana na usiku kwa miaka, na hizo mashine zimefika juzi, hata choo hazijui kiko wapi. Kama vioo vimenyamaza, ukuta umetulia, na aliyevunjika ni huyo mama na karatasi zake. Kesho yake asubuhi alichukua mkeka, redio, birika na blanketi, akaingia kwa funguo ambazo hakuwahi kuzirudisha zote, akaweka ile boriti nyuma ya mlango. Akatutangazia kupitia kidirisha cha mlango mdogo kwamba atakaa humo mpaka mashine ziondoke, ili mji uone jengo lake limesimama.

Utasema tuvunje mlango. Hatuwezi. Bi Kipimo amekataza kishindo cha aina yoyote karibu na ukuta ule. Kengele hazipigwi, kinanda kimefunikwa, malori yanazungushwa barabara ya sokoni, na watu wanapita uani kwa kunyata kama nyumba ya mgonjwa. Tungependa hata kuweka magogo ya kuegemeza ukuta, yanafika keshokutwa Alhamisi, lakini kukaza magogo ni kuitikisa dari kabla haijapata pa kutulia, na hakuna anayekubali kufanya hivyo huku kuna mtu chini yake. Kwa hiyo kila siku anayokaa kulilinda ni siku ambayo hatuwezi kuliokoa. Mbingu nazo zimeanza kukusanya mawingu. Bi Kipimo anasema mawe yakilowa yatakuwa mazito zaidi, na hapo hatoi tarehe.

Nampelekea uji asubuhi na chakula mchana na jioni, napitisha kidirishani. Kila asubuhi Baba anafagia, unamjua. Chokaa inayodondoka kutoka darini wakati wa usiku anaikusanya na kuisukumia nje kwa chini ya mlango, na anasema ni vumbi la zamani. Mimi nalizoa. Siku ya kwanza lilijaa kiganja. Siku ya tano lilijaa kopo. Leo asubuhi limefika nusu ya ndoo, na ndani yake kulikuwa na vipande vyenye makali mapya. Nikitega sikio kwenye mlango nasikia ukuta wenyewe, unasaga taratibu, kama mtoto anayesaga meno usingizini. Nilimuuliza kama na yeye anausikia. Akasema masikio yake ni ya miaka themanini, na akaongeza sauti ya redio.

Sasa lile nililoliahirisha. Nimeinuka mara mbili kwenda kunywa maji, na karatasi bado iko hapa.

Dada, mashahidi walio ukutani si wa Baba. Kila aliyevunjika nilimtoa, sheria nikaikanyaga. Nilikata kioo kingine kutoka kwenye dirisha kuukuu la stoo ili rangi ifanane, nikabana kwa chokaa, nikaipaka maji ya chai na masizi izeeke, nikaandika tarehe ile ile ya zamani kwa mwandiko wa Baba, na zile saba zenye mkia na nne zilizofumba mdomo. Vile vilivyovunjika nilivisaga nikavichanganya kwenye saruji niliyojazia vinara, kwa hiyo hata ushahidi wa ushahidi sina. Wengine wamevunjika mara tatu, nikawabadilisha mara tatu. Jumla ni mashahidi kumi na saba kati ya ishirini na wawili. Nilijiambia namlinda Baba mpaka nimalize kazi yangu ya ndoo. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa uso wake. Mimi ni mtu mzima mwenye mvi, nina mafundi sita chini yangu, na nilikuwa namwogopa Baba kama siku nilipovunja taa ya sebuleni. Na leo amekaa chini ya ukuta huo kwa sababu ameamini maneno ambayo nimeyaandika mimi.

Jana nilimwambia Bi Kipimo. Akasema kazi nitaipoteza, na pengine mengine, lakini hayo yana siku yake. Kwanza nikamwambie mzee. Leo saa tano nikaenda kidirishani. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, kioo, chai, masizi, madebe mawili, vinara, na nikamwambia ukuta unakuja. Nililia, sikufichi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kidevu chake kikiwa kwenye ile nondo ya kidirisha. Nilijitayarisha kwa tusi, kwa mate, kwa kufungiwa kidirisha usoni.

Alinitazama kwa upole ambao sijauona tangu Mama aondoke. "Mwanangu," alisema, "uongo hukujaliwa. Tangu mdogo ukidanganya unalia kwanza." Akageuka akaelekeza kidole ukutani. "Ule ni mwandiko wangu. Mtu hausahau mwandiko wake." Akasema anajua nimefundishwa na yule mama wa mashine ili nimtoe, na hanikasirikii, kwa sababu nimefanya hivyo kwa kumpenda. Akaniambia niende nikale, nimekonda.

Umeona nilipofika? Nimedanganya kwa ustadi hata kweli yenyewe imekosa nafasi ya kuingia. Nikisema ukuta umetulia ananiamini, nikisema ukuta unaanguka ananionea huruma.

Ndipo nikakukumbuka wewe na ile barua ya shule. Nilikuwa darasa la sita, mwalimu aliandika kwamba nimekimbia masomo wiki nzima na akataka mzazi ajibu, nami nikajibu mwenyewe kwa mkono wa Baba, ukurasa mzima na sahihi. Wewe ukanikuta nakausha wino. Ukasema hujui kama unichape au unipeleke kwa mfalme, maana hata wewe usingetofautisha. Ukanichongea kwa Mama, Mama akaichoma jikoni akasema Baba asijue, asije akaniua. Mama hayupo. Wewe peke yako ndiye uliyebaki duniani unayejua kwamba mkono wa Baba ninao.

Na ni wewe tu ambaye Baba hawezi kusema anamdanganya. Amekukasirikia miaka saba, amekataa picha yako isiwe sebuleni, lakini sijawahi kumsikia akisema ulichosema kaburini ni uongo. Kila mara watu walipojaribu kumfariji kwamba ulisema kwa uchungu tu, alikuwa anawakatiza. Neno lako lilimchoma kwa kuwa hujui kulipamba. Nakuomba uje umchome tena. Sikuombi umsamehe, hilo ni lako na Mungu wako. Simama tu kwenye kidirisha umwambie ile habari ya barua ya shule, jinsi wino ulivyokuwa mbichi. Akikuamini wewe, atautazama ule mwandiko upya, na akiutazama upya atatoka, au walau atajua anachokikalia. Naogopa, Dada. Naogopa atoke na naogopa asitoke, lakini nachagua atoke.

Dereva anarudi huku kesho hiyo hiyo alasiri, na nimemwambia kiti cha pembeni akiache wazi mpaka kwenu. Ukifika uani, usipite upande wa kaskazini hata kama ni njia ya mkato. Zunguka kwa kusini, mimi nitakuwa kwenye mlango mdogo, sibanduki hapo. Watoto waache.

Nisikuchoshe. Mke wangu anakusalimu, ingawa bado amenuna. Mafundi wanakusalimu, hata wale ambao hawakujui. Msalimie shemeji, wabusu watoto. Baba naye anakusalimu sana.

Hapana, nisiandike hivyo. Hiyo ni desturi ya barua tu, na mimi uongo nimeuacha tangu jana. Baba hakukusalimu. Lakini leo, alipokuwa anafunga kidirisha, alikifungua tena kidogo akaniuliza kama goti lako bado linakuuma wakati wa baridi, lile ulilolivunja kwenye jukwaa lake la ujenzi ukiwa na miaka kumi. Nilimjibu kwamba sijui, na hilo aliliamini.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiko